Ukimrudisha samaki majini, mrudishe akiwa na uhai wa kesho

Jumamosi moja mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa kwenye bwawa moja la kulipia upande wa Kiambu. Tulitoka Buruburu alfajiri kabla ya msongamano wa magari, na saa moja na nusu asubuhi mishipi yetu ilikuwa majini. Ng'ambo yetu alisimama mzee mmoja mwenye vifaa vizuri kuliko vya wote waliokuwapo. Alimnasa samaki mkubwa aina ya bas, akamlaza kwenye nyasi kavu, akapapasa mifuko akitafuta simu, akamwita kijana wa bwawa aje kumpiga picha. Kisha akamwinua samaki kwa vidole viwili alivyovipenyeza ndani ya matamvua, yaani mashavu anayopumulia, akatabasamu, na picha zilipokwisha akamrusha majini kutoka pale pale aliposimama. Watu watatu wakapiga makofi kwa kuwa samaki ameachwa aende zake.

"Mjomba, yule atapona?" mtoto akaniuliza.

Sikumjibu. Saa tisa alasiri, tukikusanya vitu, yeye ndiye aliyemwona kwanza: tumbo juu, kando ya matete.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya swali lile. Wanaovua kwa ndoana kutoka Nairobi wameongezeka. Wengi wetu tulijifunza kwa kumtazama aliyetutangulia, na aliyetutangulia mara nyingi alifundishwa vibaya. Mtoto hatazami unachosema. Anatazama mikono yako.

Neno moja kwa wanaosema kwamba kumvua samaki na kumwachia ni kuchezea chakula. Nawaelewa, na sitawabishia. Ukitaka kumla na sheria inaruhusu, mwue upesi na umle. Ninachokataa ni ile njia ya katikati, ya kumwachia samaki ambaye umekwisha kumwua bila kujua, kisha kurudi nyumbani na sifa ya huruma.

Kinachomwua

Samaki akinaswa anapigana kama mtu anayekimbia mbio za mita mia bila kupumzika. Misuli inajaa asidi, na oksijeni ya kuisafisha anaipata kwa njia moja tu, maji yanayopita kwenye matamvua. Matamvua hayo yameundwa na vipande vyembamba kama karatasi ambavyo maji huvitenganisha. Ukimtoa hewani vinaporomoka na kugandana, na samaki anakosa pumzi wakati ule ule anaoihitaji kuliko wakati wowote. Kwa hiyo dakika yako moja ya picha, kwake ni dakika moja ya kukabwa koo baada ya mbio.

Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia trauti, samaki wa maji ya baridi, waliokimbizwa ndani ya tangi hadi wakachoka kabisa. Miongoni mwa waliochoshwa bila kutolewa majini, walikufa kama 12 katika kila 100. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani sekunde 30, walikufa 38 katika 100. Waliokaa sekunde 60, walikufa 72. Hao walikuwa samaki wa maabara, na wa mtoni wanaweza kustahimili zaidi. Lakini tazama tofauti ya sekunde 30 na 60, halafu kumbuka muda unaokuchukua kufungua kamera ya simu yako.

Cha pili ni ute. Ule utelezi unaotuudhi mikononi ni tabaka linalofunika ngozi ya samaki, ndilo linalozuia ukungu na vijidudu. Mkono mkavu, kitambaa, nyasi, vumbi na sakafu ya mashua iliyochomwa na jua vyote huuondoa. Samaki ataogelea vizuri, utamwona akienda, na baada ya siku kadhaa atatokwa na madoa meupe kama pamba pale ulipomshika.

Cha tatu kinatuhusu sisi hasa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha linakaribia mita 1,900. Katika miinuko hii kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa, na maji hushika oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua zaidi. Kwa hiyo video nyingi tunazozitazama za watu wanaovua nchi za baridi karibu na usawa wa bahari zinaonyesha samaki aliye na akiba ambayo wetu hana.

Nami naamini kuna samaki mmoja aliyetupotosha sana, naye ni kambare, ambaye wengi mnamwita mumi. Huyu ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa. Unaweza kumwacha kwenye gunia muda mrefu na bado akajitingisha. Waliokulia wakivua kambare huamini samaki wote wako hivyo. Bas, tilapia na trauti hawako hivyo.

Hatua ya kwanza: tengeneza vifaa ukiwa nyumbani

Anza na ndoana. Karibu na ncha kuna kijino kinachoelekea nyuma ili samaki asichomoke. Kibane kwa koleo hadi kilale kabisa. Kisha choma ndoana kwenye kipande cha nguo kuukuu na uichomoe. Ikitoka bila kuvuta uzi, imekuwa sawa. Utapoteza samaki wachache, hasa ukilegeza mshipi, lakini utamfungua aliyebaki kwa sekunde mbili. Faida nyingine ni kwamba siku ndoana ikikuingia kidoleni, utaitoa mwenyewe bila kwenda hospitali.

Chambo bandia vingi huuzwa vikiwa na ndoana za meno matatu, mbili kwa kila chambo. Zitoe, weka ya jino moja. Ndoana za meno matatu hushika mdomo, shavu na jicho kwa pamoja, na ukizitoa samaki ndipo anapofurukuta na kukuchoma nawe.

Ukivua kwa chambo cha kweli, nyungunyungu au unga, tafuta ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea kwenye shina. Hiyo mara nyingi hunasa kwenye kona ya mdomo badala ya kooni. Ina sharti moja: usiivute kwa nguvu samaki anapouma. Kaza mshipi taratibu, ijizungushe yenyewe. Wenzangu wengi waliijaribu mara moja, wakaivuta kwa tabia ya zamani, wakasema haifai.

Wavu wa mkono uwe wa mpira, au ulioviringishiwa mpira, wenye matundu madogo. Ule wa nailoni wenye mafundo hupasua mapezi na kukwangua magamba. Ukikosa wa mpira, afadhali usitumie wavu, umfungulie samaki majini.

Na beba karai. Mimi nilinunua la bati Kamukunji, pana kiasi cha kumlaza samaki wa sentimita 50 bila kumkunja. Sijapata kifaa kilichookoa samaki wengi kuliko karai hilo, na sababu utaiona hapa chini.

Leseni pia ishughulikie kabla ya siku yenyewe. Ndani ya hifadhi za Aberdare na Mlima Kenya kuna masharti ya KWS, shirika la wanyamapori, juu ya yale ya idara ya uvuvi.

Hatua ya pili: chagua saa kwa kufuata maji

Wengi husema vua alfajiri, maji ni baridi. Kwa mito ya milimani ni kweli. Trauti wa kwanza nchini walianzia kwenye mayai yaliyotoka Scotland, ambayo mlowezi Ewart Grogan aliyapeleka mto Gura mwaka 1905, na mwili wa trauti haujaacha kuwa wa maji ya baridi. Beba kipimajoto kidogo. Maji yakifika nyuzi 20, kunja mshipi. Siku za jua kali za Januari na Februari, kwenye sehemu za chini za mito, kiwango hicho hufikiwa mapema kuliko unavyodhani.

Kwenye mabwawa ya kijani mambo hugeuka. Maji yaliyojaa mwani hutoa oksijeni mchana kwa nguvu za jua, lakini usiku mwani huo huo huivuta, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa karibu na mapambazuko. Ukimchosha samaki saa kumi na mbili asubuhi kwenye bwawa la rangi ya sukuma, umemchosha saa anayopumua kwa shida. Ngoja jua lipande, kama saa tatu hivi. Ukiona samaki wanahema juu ya maji, rudi nyumbani, hata kama umelipa.

Hatua ya tatu: mlete upesi

Kuna watu wanaojisifu kwa kumpigania samaki mkubwa dakika ishirini kwa mshipi mwembamba. Kama utamla, hilo ni shauri lako. Kama utamwachia, kila dakika unaitoa kwenye uhai wake. Tumia mshipi wenye nguvu inayomtosha samaki wa mahali hapo, inamisha ufito pembeni badala ya kuuinua wima, mgeuze kichwa, mlete.

Hatua ya nne: mpokee kwenye maji, nawe ubaki salama

Miongozo ya kigeni hukuambia upige magoti majini umfungue samaki hapo hapo. Usifanye hivyo Masinga. Bwawa lile, lililokamilika mwaka 1981 kwenye mto Tana, lina mamba na viboko. Naivasha haina mamba, lakini viboko wake wanatosha, na huwa karibu na matete asubuhi na jioni, pale pale unapotaka kuinama.

Karai linaingia hapa. Kabla hujatupa mshipi, lijaze maji ya ziwa lenyewe na uliweke kivulini, hatua tatu kutoka ukingoni. Samaki akifika, mchote kwa wavu wenye mpini mrefu, mtie kwenye karai, umfungue akiwa ndani ya maji. Badilisha maji kila samaki, maana yale ya kwanza yatakuwa yamepata joto na kuisha pumzi. Karai ni la dakika moja tu. Si mahali pa kumhifadhi samaki wakati unamsubiri rafiki aje kumwona.

Kwenye mito midogo isiyo na hatari, miongozo hiyo ya kigeni iko sahihi: mfungue ndani ya maji bila kumwinua kabisa.

Hatua ya tano: ndoana itoke, au ibaki

Lowesha mikono yote miwili kwanza. Usivae glavu za kitambaa. Shika shina la ndoana kwa koleo ndefu, rudisha nyuma kwa njia iliyoingilia.

Akiwa ameimeza hadi kooni, usichokonoe. Hapa ndipo nilipowaua wengi nilipokuwa kijana, nikidhani namsaidia. Nilikuwa nachimba kwa koleo, damu inatoka kwenye matamvua, kisha namwachia nikiamini nimefanya wema. Kata mshipi karibu na mdomo uwezavyo, mwachie na ndoana yake. Uwezekano wa kupona ni mkubwa kuliko ukiing'oa, na ndoana ya chuma cha kawaida huliwa na kutu baada ya muda. Kwa sababu hiyo usinunue zisizoshika kutu.

Hatua ya sita: picha

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa picha ndiyo inayofundisha watu ubaya. Samaki akifa saa nne baadaye, hakuna anayepiga picha hiyo. Inayosambaa ni ile ya tabasamu, na kila anayeitazama anajifunza vidole ndani ya matamvua, samaki aliyening'inizwa kwa taya, samaki kifuani akigusana na koti kavu.

Samaki mkubwa ukimning'iniza kwa mdomo uzito wote wa mwili unashikiliwa na taya na uti wa mgongo, ambavyo majini havikuwahi kubeba uzito huo. Bas mdogo unaweza kumshika mdomo wa chini akiwa wima, ukimrudisha upesi. Mkubwa mshike kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo karibu na kifua na mwingine shinani mwa mkia, alale sawa kama anavyolala majini. Usimbinye tumbo. Vidole visikaribie matamvua wala macho.

Familia yetu hufanya hivi. Samaki yuko kwenye karai. Mpiga picha anafungua simu, anasimama jua likiwa mgongoni mwake, anasema "tayari". Ndipo samaki anainuliwa, maji yakimchuruzika, juu kidogo tu ya karai ili akiponyoka aanguke majini. Mpwa wangu anahesabu kwa sauti kuanzia moja. Akifika kumi, samaki yuko ndani, picha iwe imepatikana au haikupatikana. Hakuna mara ya pili.

Urefu upime kwa alama ulizochora ndani ya karai. Acha mizani ya kutundika. Wenzetu wengine wamekwenda mbali zaidi: katika jimbo la Florida, Marekani, samaki wa baharini aitwaye tarponi mwenye urefu unaozidi inchi 40 hapaswi kutolewa majini, picha upige akiwa humo humo.

Hatua ya saba: kumwachia

Mtumbukize kwa mikono au kwa kuinamisha karai ukingoni. Usimrushe. Kutoka kimo cha mtu, maji humpiga kama ubao.

Akiwa amelegea, mshike wima, mgongo juu, kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Usimsukume mbele na nyuma kama wengi wanavyofanya, kwani akirudi nyuma maji huingia matamvua kinyume. Kwenye maji yaliyotulia msogeze mbele tu, kwa mzunguko mpana, au mwache tu ndani ya wavu ulio majini.

Kujua kama yuko tayari, mlaze ubavu kwa upole. Akijigeuza mwenyewe na kusimama sawa, na ukimgusa mkia akaruka, mwache. Asipojigeuza, endelea kumshika. Nimewahi kumshika bas dakika sita, mgongo ukiniuma, na nisingemwachia mapema kwa lolote.

Asipopona kabisa, au damu ikiwa inabubujika kwenye matamvua, na masharti ya mahali hapo yanaruhusu, mwue kwa pigo moja nyuma ya kichwa, mpeleke nyumbani, umle kwa ugali. Huo ndio uamuzi wa heshima uliobaki. Na kamwe usimpeleke hai kwenye bwawa jingine, hata kwa nia njema. Samaki wa kigeni aina ya kapi walianza kuonekana Naivasha mwaka 2001, na leo ziwa ni lingine.

Wazazi waachwe

Tilapia wengi tulio nao hulea mdomoni. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni mwake, na akitolewa majini huwatema kwa hofu. Ukiona chembe za manjano zikimtoka mdomoni, mwachie mara hiyo hiyo, na hapo mahali hama. Bas dume hulinda kiota chake kwenye maji mafupi, na atauma chambo chochote kinachopita kwa sababu anakifukuza. Ni rahisi sana kumnasa, na dakika tano akiwa kwenye karai lako zinawatosha samaki wengine kumaliza mayai yote. Ukiona duara safi kwenye udongo, na samaki mmoja anayezunguka hapo bila kuondoka, mpitie mbali.

Kumwambia aliyekuzidi umri

Hili ndilo gumu kuliko ndoana. Anayekosea mara nyingi ni mkubwa kwako, na ukimsahihisha mbele ya watu umemvunjia heshima, naye hatabadilika. Nimejaribu kueleza sayansi ukingoni mwa maji na haikunisaidia. Kilichonisaidia ni kufika mapema, kumsalimu mzee, kumuuliza maji yakoje leo, na samaki wake akinasa, kwenda na karai lililojaa. "Mzee wangu, mtie humu kwanza, asikusumbue ukitafuta simu." Hakuna aliyewahi kulikataa. Anayeweza kumpigia mwenzake picha nzuri, samaki akiwa hai na maji yakimetameta, huombwa msaada tena wiki inayofuata.

Mwezi uliopita tulirudi kwenye bwawa lile. Mzee hakuwa yule, alikuwa mwingine, na bas wake alikuwa mkubwa kweli. Kabla sijainuka, mpwa wangu alikwisha kulibeba karai, maji yakimwagikia viatu, na nilimsikia akisema, "Babu, mimi nitahesabu." Mzee akacheka, akamwinua samaki, na mtoto akaanza. Alipofika saba, samaki akajipinda, akaanguka karaini, akarudishwa majini kabla simu haijafunguka. Picha haikupatikana. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akamwuliza karai kama lile huuzwa wapi.